Mgeni Asiyebisha Hodi: Programu za Kijasusi Katika Kompyuta ya Nyumbani



Jamaa ya Kipwani haikosi ndugu aliyefuata biashara bara, na wengine biashara imewafikisha Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako njia itokayo Kitale kupitia Endebess hukutana na mto uteremkao kutoka Mlima Elgon. Ng'ambo huanza njia ya Kapchorwa. Nyumba ya mfanyabiashara wa mahali kama hapo haiendeshwi tena kwa daftari peke yake. Mezani sebuleni huwapo kompyuta moja, nayo hutumikia watu watano: baba huandikia hesabu za mahindi na karatasi za forodha, mama hufungulia akaunti ya benki, kijana hufanyia kazi za chuo, na wadogo wawili husikilizia masomo ya Qur'ani. Picha za harusi ya binti zimo humo humo.

Sasa na tukadirie kwamba ameingia mtu wa sita, asiyebisha hodi wala kutoa salamu. Kila herufi inayobonyezwa yeye huinakili, na nywila ya benki huipata saa ile ile inapoandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya programu ya kijasusi. Haifanani na virusi viharibuo mafaili na kujitangaza kwa uharibifu wao. Jasusi hutaka kompyuta iendelee kufanya kazi ili apate kusikiliza siku nyingi.

Hupitia wapi? Mlango mpana kuliko yote ni programu za bure zilizovunjwa kufuli, zile anazowekewa mtu kwa bei ya soda na kuambiwa ni sawa na za kampuni. Aliyevunja kufuli hilo hakufanya kazi usiku kucha kwa ajili ya thawabu. Mlango wa pili ni flashi iendayo kwenye duka la intaneti kuchapisha karatasi na kurudi nyumbani. Wa tatu ni barua pepe yenye kiambatisho, ijayo kwa jina la wakala wa mizigo. Na mtu wa mpakani, aliyezoea kupokea karatasi kutoka pande mbili, huifungua bila kusita.

Dalili zipo: kompyuta kuzorota ghafla, ukurasa wa kwanza wa kivinjari kubadilika wenyewe, matangazo kuchomoza yasikotarajiwa. Lakini jasusi stadi haonyeshi dalili hata moja, kwa hiyo upekuzi usingoje dalili.

Mwenye Windows 10 au 11 hahitaji kununua kitu ili aanze. Microsoft Defender imo ndani ya kompyuta yake tayari. Kwanza aisasishe angali na intaneti, maana programu ya ulinzi isiyosasishwa ni mlinzi asiyezijua sura za wezi wapya. Akitaka shahidi wa pili, apakue pia Malwarebytes kutoka tovuti ya wenyewe; toleo lake la bure latosha kwa kupekua na kusafisha. Kisha akate intaneti. Ndugu zetu wanaohesabu bando watafurahi kujua kwamba kinachokula bando ni kule kusasisha na kupakua. Upekuzi wenyewe waweza kwenda bila mtandao.

Achague upekuzi kamili, si ule wa haraka, na aiache kompyuta ifanye kazi hata kwa saa kadhaa, ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Baada ya hapo aitumie njia ambayo watu wengi hawaijui ingawa imo ndani ya Defender: upekuzi ufanywao nje ya Windows. Kompyuta hujizima, hujiwasha, na hupekuliwa kabla Windows haijaamka, kwa muda wa takriban robo saa. Faida yake ni kwamba wapo majasusi wanaojificha kwa kuidanganya Windows yenyewe. Ikiwa imelala, hawana wa kumdanganya.

Kilichokamatwa huwekwa karantini, yaani hufungiwa mahali kisipoweza kufanya kazi. Akiache humo siku chache kabla ya kukifuta, kwani mara nyingine programu halali hushikwa kwa makosa. Achungulie pia viendelezi vya kivinjari na aondoe asivyovitambua. Nywila azibadilishe zote, akianza na ya barua pepe na ya benki, tena kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi. Na iwapo mgeni yule yule atarudi baada ya kufukuzwa, dawa ni kuhifadhi nyaraka na picha pembeni, bila programu yoyote, kisha kufuta kila kitu na kuweka Windows halali upya. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Tahadhari moja hapa: tangazo likizuka kwenye kioo likipiga kelele kwamba kompyuta ina virusi mia na dawa ni kubonyeza hapa, dawa hiyo mara nyingi ndiyo maradhi.

Yote hayo ni mepesi kuliko hili linalofuata. Pengine aliyemwingiza jasusi si mtu wa mbali. Ni mume, au mke, au kaka mkubwa. Zipo programu zinazouzwa waziwazi kwa kazi hiyo, na wauzaji huziita ulinzi wa familia. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na haikumtoa mwenza katika katazo hilo. Mzazi kuwasimamia watoto ni jambo jingine, nalo lafanyika mchana kweupe: kompyuta ikae sebuleni, na watoto waambiwe kinachoangaliwa. Kwa upande wa sheria, Katiba ya Kenya katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu na kunasa mawasiliano yake bila idhini.

Mwanamke anayehisi kuwa anachunguzwa na mtu wa nyumbani asikimbilie kufuta. Programu ikizimika, aliyeiweka hujua mara moja, na ikiwa ni mtu wa mkono mwepesi, hatari huwa si ya kompyuta tena. Ushahidi nao hupotea. Atafute kwanza shauri la mzee anayemwamini, la kadhi au la wakili, akitumia simu ya mtu mwingine, na usalama wake utangulie.

Jingine ni kifaa kutoka mikononi mwa mwenyewe. Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba programu ya FlexiSPY, ambayo mtu yeyote aweza kuinunua, ilikutwa katika simu za watengenezaji filamu wa Kenya, nayo iliwekwa wakati simu hizo zilipokuwa zimezuiliwa na polisi. Sisi wengine hatuna filamu, lakini tuna mafundi. Kompyuta ikirudi kutoka kwa fundi, ipekuliwe kabla nywila yoyote haijaandikwa, na fundi aulizwe ameongeza nini na kwa sababu gani.