Nyuzi za Dada Zimeijaza Nyumba

Mwezi wa Mfunguo Tatu uliopita nilikuwa nikilitafuta daftari langu moja la zamani la mashairi, lile lenye jalada jekundu. Nilipoupitisha mkono nyuma ya safu ya vitabu nikashika kitu laini, chenye manyoya kama paka. Nikaurudisha mkono mbio. Kisha nikajipa moyo, nikavuta. Likatoka donge la uzi wa sufu, likafuatwa na la pili na la tatu, hata yakatimia madonge 17, yamejipanga nyuma ya divani na kamusi zangu kama askari walio mavizioni.

"Dada," nikaita, "hichi ni nini?"

"Uzi."

"Nauona ni uzi. Wafanya nini katika vitabu vyangu?"

"Kwani wavila?"

Msomaji mpenzi, mtu mwenye dada mkubwa aliyembeba mgongoni utotoni hana jawabu ya swali kama hilo. Dada ametimiza miaka 71. Mimi ni kitinda mimba, nina 58. Tangu afiwe na mumewe yuko nasi hapa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu nimjue hajaketi na mikono mitupu. Hufuma. Hufuma kwa sindano mbili ndefu, na kwa kulabu pia: kofia za watoto wachanga, soksi, vikoti, shali, na vile vitambaa vya kuvalishia makochi ambavyo ni fahari ya sebule nyingi katika Kenya. Mwanamke wa mtaani akijifungua, arobaini haitimii ila seti ya dada imekwisha kufika. Watu wa bara hucheka wakisikia habari ya sufu Mombasa. Hao hawajamwogesha mtoto wa wiki mbili alfajiri ya mwezi wa saba, kusi yavuma na mvua ya rasharasha yaingia dirishani.

Kufuma kwenyewe hakukunidhuru kamwe. Ulionishinda ni uzi.

Siku ile nikaapa kuuhesabu wote. Palikuwa na sanduku lake la njumu, alilokuja nalo kutoka kwa mumewe, limejaa pomoni. Palikuwa na magunia mawili chini ya kitanda, na maboksi juu ya kabati. Katika lile sufuria kubwa la biriani, ambalo halishuki ila kwa harusi, palikuwa na madonge 30 ya rangi ya maziwa, na kati yao karafuu na vipande vya kafuri kwa ajili ya nondo. Hesabu yangu ilifika 214. Kila donge ni gramu 100, kwa hiyo nyumbani mwangu mlikuwa na zaidi ya kilo 21 za uzi. Seti moja ya mtoto hula donge moja na nusu, na dada, kwa mwendo wake wa sasa, hutoa seti moja kwa mwezi. Nikachukua kalamu. Uzi uliokuwamo ungetosha watoto 142, na kazi ya karibu miaka 12.

Nami hasira zangu zilikuwa na sababu. Boriti mbili za dari ya chumba cha juu zilikuwa zimeoza, fundi amekuja mara mbili kupima, na dada alikuwa ameahidi kutoa shilingi 15,000 katika kodi ya kijiduka alichoachiwa na marehemu. Ahadi hiyo ilikuwa ya mwezi wa Rajabu. Pesa sikuziona, na sasa nilikuwa nimeshika jawabu mkononi, limevingirishwa.

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Bwana, na madaftari yako je? Yako mangapi yenye ubeti mmoja mmoja, usiomalizika?"

Nikamwambia madaftari hayaozeshi boriti. Akasema wala uzi.

Ni haki nieleze hapa hoja za dada, maana alizitoa siku hiyo zote, na nyingine nilikuwa sizijui ingawa nimeishi na sindano zake miaka yote hiyo. Ya kwanza ni ya rangi. Kila donge lina kikaratasi kiunoni, na juu yake mna namba mbili: moja ni ya rangi, ya pili ni ya pipa lililotiwa uzi huo. Nyekundu ya namba moja iliyotoka katika mapipa mawili haiwi nyekundu moja. Dukani huioni tofauti. Ukishafuma kikoti, mkono wa kushoto humkana mkono wa kulia. Kwa hiyo mfumaji mwenye akili hununua uzi wote wa kazi yake siku moja, na donge moja la akiba juu yake. Hilo la akiba likisalia halitupwi. Kazi 60, madonge 60 ya akiba. "Hesabu na hayo," akanambia.

Hoja ya pili ni ya historia. Kabla ya 1993, serikali ilipolegeza masharti ya bidhaa na fedha za kigeni, uzi mzuri wa nje ulikuwa haupatikani kwa kutaka. Ulikuja ndani ya mabegi ya mabaharia na ya jamaa waliotoka Jeddah au Dubai, madonge manne ya rangi waliyoipenda wao. Aliyejifunza kufuma zama hizo alijifunza kuweka. Leo yuwatuma pesa Nairobi kwa simu, na kesho yake kifurushi kimefika kwa basi. Lakini mkono uliozoea njaa hauachi kuficha mkate.

Tena kuna mitumba. Dada alikuwa akienda Kongowea mapema, akapindua sweta ndani nje, akatazama mshono wa ubavu. Sweta lililofumwa kwa umbo lake hufumuka uzi mmoja tokea shingoni hadi kiunoni. Lile lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani hutoa vipande vifupi tu, halina faida. Akilipata jema hulifumua, huuzungusha uzi katika mgongo wa kiti, huuosha, kisha huutundika na jiwe chini ili mikunjo inyooke. Kabla ya hayo huchoma ncha kwa kiberiti. Sufu ya kondoo hunuka nywele na kuwa majivu. Akriliki ya kiwandani huyeyuka ikafanya ushanga mgumu. Mara moja alipata sweta zima la sufu tupu ya kondoo kwa shilingi 100, na nadhani furaha ya siku ile ilishinda ya siku niliyotoa kitabu changu cha kwanza.

Mimi katika hasira nilimwambia hii ni kazi ya Wazungu, iliyoletwa na mabibi wa misheni. Nikaenda kutafuta ushahidi, nikarudi nimenyamaza. Katika vitu vya kufumwa vya kale mno vilivyosalia duniani ni soksi za pamba kutoka Misri, nyeupe na buluu ya nili, za karne ya 11 hadi ya 14 Miladi, na baadhi yake zina nakshi za kuigiza maandishi ya Kufi. Huko Burgos, Uhispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyekufa 1275, ulitolewa mto wa hariri uliofumwa kwa sindano, na ukingoni mwake limeandikwa kwa Kufi neno "baraka". Wataalamu husema ni kazi ya mikono ya Waislamu. Nilipomsomea dada habari hii alikaa kimya kidogo, akauliza vile vitanzi vilikuwa vingapi kwa inchi. Kitabu kilisema karibu 20. Akasema, "Hao walikuwa na macho."

Sikuyapima maneno hayo wakati ule.

Sasa nije kwenye kubadilishana. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanawake wanne watano hukutana uani kwetu, kila mmoja na kikapu chake. Kahawa huzunguka, visheti huzunguka, na nyuzi huzunguka. Donge zima lenye kikaratasi hubadilishwa kwa donge zima. Lililofunguliwa hutiwa katika mizani ya jikoni. Sufu ya kondoo donge moja ni akriliki mawili. Mwaka wa kwanza nilikuwa na wasiwasi na hili la moja kwa mawili, nikakumbuka chuoni na fimbo ya mwalimu wetu: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende, chumvi. Uzi haumo, si sarafu wala si chakula. Nikawaacha. Mmoja wao ni mshonaji wa kofia za vito, ambaye hahitaji sufu hata kidogo, lakini huja na uzi wake mweupe wa pamba na huondoka na madonge ya mjukuu wake. Hakuna fedha inayopita, na kwa masikio yangu nimesikia wakibishania gramu 10 kwa ukali ambao sijaupata katika baraza ya madiwani.

Nilikuwa nikiihesabu ile akiba nilipolipata daftari langu jekundu. Lilikuwa katika kitako cha sanduku la njumu. Dada aliliona lina kurasa nyingi tupu baada ya beti zangu, akaligeuza kuwa kitabu cha hesabu. Kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, maana skuli hakwenda, alikuwa ameandika kila alichotoa na kila alichopokea kwa miaka mitatu.

Niliketi juu ya gunia la uzi nikalisoma. Nilikusudia kutafuta shilingi 15,000 zangu. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa ya kawaida: amepokea kijani, ametoa zambarau. Mwaka wa pili nikaanza kuona jambo. Nyeusi, ametoa. Buluu nzito, ametoa. Kahawia, ametoa, madonge sita kwa matatu, biashara ya hasara ambayo dada niliyemjua asingeifanya. Alichopokea kilikuwa cheupe, cha manjano, cha rangi ya waridi hafifu. Mwaka wa tatu nyuzi nyembamba zikaanza kutoka na nene zikaingia. Na herufi zenyewe! Kurasa za mwanzo zilikuwa na mistari 22, safi, kama mwandiko wa marehemu baba. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minane, na nukta za herufi zimeanguka mbali na mahali pake.

Mimi ni mwandishi wa habari, nalipwa kwa kuona. Mtu huyu nalikula naye kila siku.

Nilikwenda uani nikamkuta ameketi, uso ameuelekeza kwenye mwanga, afuma cheupe. Nikachukua donge jeusi, moja kati ya machache yaliyosalia, nikamwambia, "Dada, nifumie kofia ya hini." Akalipokea, akaligeuza. Akasema mchana huu umekwisha, atafanya kesho. Ilikuwa saa tisa.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Nyeusi iliniaga mwanzo," akasema. "Vitanzi vyake sivioni tena, nafuma kwa kidole. Nikasema nitanunua nyeupe za kutosha, niwe nazo, maana nyeupe ndiyo ya mwisho kuondoka."

Zile 15,000 alikuwa amenunulia nyeupe. Daktari hakutaka kumwendea, kwa kuwa aliogopa ataambiwa hakuna dawa, na asiyeambiwa bado ana rajua.

Ilikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia ndilo baya zaidi. Fundi wa boriti aliombwa angoje, na fedha yake ikaenda hospitali. Kazi ya jicho la kulia haikutimia hata nusu saa: lenzi iliyofanya ukungu hutolewa, ikatiwa ya plastiki mahali pake. Alifunguliwa bandeji kesho yake asubuhi. Jambo la kwanza alilotaja ni kwamba kanzu yangu ina madoa.

Jambo la pili alilitaja nyumbani. Akaagiza mkeka uani, akataka uzi wote uteremshwe, na mimi na watoto tukafanya uchukuzi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akaanza kuchambua. Ukungu ule wa jichoni huvitia vitu umanjano, na kwa miaka mitatu alipokuwa akisema "nipe nyeupe" alikuwa hawezi tena kujua alichopewa. Katika madonge aliyoandika meupe, 40 na zaidi yalikuwa ya maziwa, mengine manjano hafifu, na mawili ya kijivu. Mengi yalitoka kikapu kimoja, cha jirani ambaye sitamtaja, tena ni mtu wa kheri.

Mimi nilipandwa na chuoni kwangu. Mwenye kutoa kitu chenye aibu yuwalazimika kuitaja, na aliyepokea pasi na kujua ana haki ya kurudisha. Nilikuwa tayari kwenda mlangoni kwake na daftari mkononi. Dada akaniambia niketi. Alhamisi ilipofika jirani akaja, akauona mkeka ulivyopangwa, rangi mbalimbali na mahali pake, akaelewa. Akasema alimaliza nyeupe mwaka jana, na dada alizipokea kwa furaha mno hata hakupata mdomo wa kumwambia. Dada akasema, "Basi nirudishie nyeusi zangu." Tatu zilirudi. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa sweta la kijana wake aliye Limuru, na kwa baridi ya Limuru hakuna aliyetaka kulifumua.

Jicho la kushoto limewekewa tarehe baada ya Ramadhani, inshallah. Kwa sasa ana mchezo. Huliinua donge, hufunika jicho moja, kisha la pili, hucheka peke yake. "Kwa hili nyeupe. Kwa hili maziwa." Juzi jioni alinitupia moja nilipokuwa nikisoma gazeti chini ya taa.

"Wewe waionaje hini?"

Nikaisogeza mbali kidogo, nikaitazama. "Nyeupe."

Akamwita mke wangu, kisha watoto, wakaja wote wakasimama mlangoni. Likapitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja akasema ni maziwa.

"Nenda nawe ukapimwe," akasema dada.