"Yeye" ni Nani? Sarufi Katika Taarifa ya Askari

Askari aandikapo taarifa, jambo la kwanza linalotakiwa kwake ni kueleza wazi nani alimtenda nani. Kazi hiyo nzito imewekwa juu ya viambishi vidogo ambavyo wengi wetu huvitamka bila ya kuvifikiri. Tukisema, "Koplo alijipiga risasi," twataja msiba wake mwenyewe. Tukisema, "Koplo alimpiga risasi," kuna mtu mwingine aliyeumia, na huenda kuna kesi. Kinachotofautisha habari hizo mbili ni silabi moja tu, lakini uhuru wa mtu waweza kutegemea silabi hiyo.

Jambo hili lawahusu sana askari na polisi wa Rwanda. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mjini Kigali chasikika katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo. Tena, Rwanda ilipopeleka wanajeshi na polisi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwezi Julai 2021, Kiswahili kiliwafaa katika kusemezana na wenyeji.

Wataalamu wa lugha wamelichunguza suala hili kwa makini. Mmarekani Noam Chomsky alilieleza katika mihadhara aliyoitoa Pisa, Italia, mwaka 1979, ambayo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1981. Alionyesha kanuni tatu, na twaweza kuzipima kwa maneno ya kambini.

Kanuni ya kwanza ni kwamba neno la kujirejea hutafuta mwenyewe karibu, ndani ya kishazi kilekile. "Sajini alimwamuru kuruta ajilinde." Hapa wa kulindwa ni kuruta, wala haiwezekani kuwa sajini. Kanuni ya pili ni kinyume chake, yaani kiwakilishi cha kawaida hukataa mwenyewe aliye karibu. "Sajini alimwamuru kuruta amlinde." Sasa wa kulindwa ni sajini au mtu wa tatu, lakini si kuruta. Kanuni ya tatu yahusu majina. Katika "Alisema kwamba koplo alichelewa," aliyesema si koplo huyo.

Kinyarwanda nacho kina mgawanyo huo: kumurasa ni kumpiga mtu mwingine risasi, kwirasa ni kujipiga. Hata hivyo, lugha hizi mbili zina tofauti moja inayomtega mfasiri. Mtaalamu Mnyarwanda Alexandre Kimenyi, katika kitabu chake cha sarufi ya Kinyarwanda kilichochapishwa California mwaka 1980, alieleza jinsi kitenzi cha lugha hiyo kinavyoweza kubeba watendwa zaidi ya mmoja. "Yakimuhaye" lina -ki- ya kitu, kama vile igitabo, na -mu- ya mtu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mmoja tu, nacho ni "alimpa." Mfasiri asipolirudisha jina na kuandika "alimpa kitabu hicho," kielelezo cha kesi kimepotea njiani.

Hapana budi pia kutambua mahali ambapo kanuni hizo hukoma. "Dereva alimwambia konstebo kwamba amekosea." Ni nani aliyekosea? Sarufi yaruhusu dereva, yaruhusu konstebo, yaruhusu hata mtu wa tatu. "Koplo alichukua bunduki yake." Bunduki ya nani? Kilatini kina neno moja la mali ya mtenda mwenyewe, suus, na jingine la mali ya mwingine, eius. Kiswahili hutumia "yake" kwa yote mawili. Kwa hiyo yatupasa kuongeza "yake mwenyewe," au kutaja mwenye bunduki.

Kadhalika, "alimpiga" hakuonyeshi kama mpigaji ni mwanamume au mwanamke, wala aliyepigwa. Kinyarwanda nacho ni vivyo hivyo. Lakini afasiriye taarifa hiyo kwa Kifaransa au Kiingereza atalazimika kuchagua. Akikisia, ameingiza katika ushahidi jambo ambalo shahidi hakulisema.

Ndugu askari, sarufi hufunga baadhi ya milango na mingine huiacha wazi. Ile iliyofungwa tuitumie kwa uhakika: -ji- na -m- visibadilishwe wakati wa kunakili taarifa. Ile iliyo wazi tuifunge sisi wenyewe, shahidi akiwa bado mbele yetu. Tumwulize, "Yeye uliyemtaja ni nani?" kisha tuandike jina, cheo, au namba ya mtu huyo kila mara, hata kama ukurasa utaonekana kurudia maneno. Taarifa ikishafika mbele ya hakimu, huenda shahidi yuko mbali, na aliyeiandika amekwisha kuhamishwa kituo.