Ute wa kahawa: Kemia inayoamua ladha na bei Mbinga

MKULIMA wa Mbinga anapomenya kahawa yake mbivu ya arabika, hubaki na punje zilizofunikwa na ute ambao hautoki kwa maji matupu. Namna ute huo unavyoondolewa ni moja ya mambo yanayoamua ladha ya kahawa, na hivyo bei yake.

Kwa lugha ya kemia, ute huo ni haidrojeli: minyororo mirefu ya molekuli, yaani polima, iliyoshikana mfano wa wavu na kunasa maji. Polima muhimu humo ni pektini, ile ile inayogandisha jemu.

Wavu huo hutegemea mazingira yake. Kalsiamu huunganisha mnyororo mmoja na mwingine. Tindikali ikiambatana na sukari nyingi huigandisha pektini, ndiyo maana wapishi wa jemu huongeza ndimu. Vimeng'enya, kinyume chake, huikata minyororo hiyo, na jeli ikalegea.

Ukataji huo hufanyika kahawa inapovundikwa. Vijidudu hula sukari ya ute na kutoa tindikali. Kwa kuwa sukari imepungua na minyororo imekatika, tindikali hiyo haijengi jeli upya.

Baridi ya milima ya Umatengo huchelewesha kazi hiyo, hivyo kuhesabu saa pekee hakutoshi. Mkulima husugua punje mikononi. Zikikwaruza bila kuteleza, wakati wa kuziosha umewadia. Akiwahi, ute uliosalia huchelewesha ukaukaji na kukaribisha ukungu. Akichelewa, kahawa huchacha, hata kunuka uvundo, na hakuna ukaangaji unaoweza kuirekebisha.

Kemia hiyo haiishii kwenye birika la kuoshea. Maji yaliyotumika hubeba tindikali na masalia ya pektini, ambayo huelea kama utando mzito. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa ya oksijeni ambayo samaki huitegemea.

Miteremko ya magharibi ya milima hiyo hupeleka maji Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ambako wavuvi huishi kwa usipa na samaki wengine.

Kwa sababu hiyo, maji ya kuoshea kahawa hustahili kuelekezwa kwenye mashimo yaliyo mbali na mito, na kutiwa chokaa ili kupunguza uchachu wake.