Mtunzi wa hadithi anavyoweza kuomba kazi ya matangazo ya duka

MTU aliyezoea kutunga hadithi fupi na mashairi hushtuka asomapo tangazo la nafasi ya kuandika maelezo ya bidhaa za supamaketi. Hujiuliza iwapo miaka aliyokesha akichonga sentensi itaishia kwenye bei ya sufuria. Wengi huiacha nafasi hiyo ipite, ilhali kodi ya nyumba haiwasubiri.

Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliajiriwa mwaka wa 1922 na kampuni ya matangazo ya S. H. Benson jijini London, na riwaya yake ya 1933, Murder Must Advertise, imejengwa juu ya ofisi ya aina hiyo. Salman Rushdie naye aliandika matangazo kwa miaka kadhaa kabla ya Midnight's Children kumpatia tuzo ya Booker mwaka wa 1981.

Kinachowaangusha watunzi ni kile wanachotuma. Anayeajiri hana haja na diwani yako. Anataka kujua kama unaweza kumweleza mteja, kwa maneno 40, kwa nini anunue blanketi hili na si lile. Basi andika sampuli tatu au nne kabla ya kutuma ombi, hata kama hujawahi kuajiriwa. Ingia dukani, teua bidhaa za kawaida na uziandikie maelezo upya.

Tuchukue sufuria. Mtunzi mgeni ataandika kwamba inang'aa mithili ya mbalamwezi juu ya ziwa. Ni sentensi ya kupendeza, lakini mama aliyesimama mbele ya rafu angali hajui itapika ugali wa watu wangapi. Afadhali: "Sufuria ya alumini ya lita 5, yenye mfuniko. Inatosha ugali wa watu sita." Aliyeandika hivyo amemwona mhusika wake jikoni saa moja jioni, watoto wakingoja. Ni kazi ile ile ya kumjua mhusika, ila huyu ana pochi mkononi.

Tofauti kubwa ni kwamba hapa hakuna ruhusa ya kubuni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinataka kuwe na sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na yenye staha, nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo inakataza kumpotosha mteja. Ukiliita blanketi la poliesta kuwa la sufu, umemtia mwajiri wako mashakani.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Usianze kwa kueleza ulivyoipenda fasihi tangu utotoni. Barua za namna hiyo ni tele. Taja bidhaa za duka hilo na jambo moja ambalo ungeliandika vingine, kwa adabu. Hadithi yako iliyochapishwa itaje pia, kwani inaonyesha umewahi kutii idadi ya maneno na kuvumilia kalamu ya mhariri. Ambatisha sampuli za Kiingereza na za Kiswahili. Kiswahili kisichonuka tafsiri ni adimu katika matangazo yetu, na hapo ndipo mtunzi huwashinda wengine.

Huenda ukapewa jaribio la bidhaa mbili au tatu. Ukiambiwa uandikie bidhaa 50 bila malipo, hiyo ni kazi kamili wala si jaribio. Anayedai ada kabla ya mahojiano ni tapeli.

Kabla ya kutia sahihi, soma sehemu ya mkataba inayohusu hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi unayoifanya katika ajira huwa ya mwajiri, isipokuwa mkiafikiana vingine. Iombe ieleze wazi kwamba tungo zako binafsi hazimo, na riwaya yako uiandike usiku, nyumbani, kwa tarakilishi yako mwenyewe.