UZI: Ukiachiliwa shtaka moja na kufungwa kwa lingine, miaka yako inahesabiwa vipi?

1/ Juzi kwa kinyozi hapa Umoja 2 mabishano yalichemka. Jamaa mmoja akasema, "Hakimu akijua huyu ni jambazi, amtwike miaka mingi hata kama shtaka kubwa limeanguka." Wengi wakaitikia. Mimi sikukubali. Wacha nieleze.

2/ Chukua mfano. Mtu ananyang'anywa simu kwa kisu alfajiri akielekea steji. Wiki mbili baadaye simu inapatikana na kijana fulani. Anashtakiwa kwa wizi wa mabavu, na shtaka mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Mashtaka ya namna hii ni ya kawaida sana.

3/ Tofauti ya adhabu ni kubwa. Wizi wa mabavu, kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ni kifo. Mali ya wizi, kifungu 322, ni jela isiyozidi miaka 14.

4/ Kesi inasikizwa korti ya Makadara. Mwenye simu hawezi kumtambua kijana. Kulikuwa na giza. Hakimu anaamua: wizi wa mabavu haujathibitishwa, hana hatia. Mali ya wizi, ana hatia. Sasa akipanga miaka, je, ahesabu na kile kisu?

5/ Kifungu 216 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu hakimu kupokea ushahidi anaoona unafaa kabla ya kutoa adhabu. Hiyo ni sawa, korti inafaa kujua inamhukumu nani. Lakini kifungu chenyewe hakitaji kabisa shtaka ambalo mtu ameondolewa.

6/ Marekani wamebishania jambo hili miaka mingi. Mwaka 1997, kwenye kesi ya Watts, Mahakama ya Juu ilisema jaji anaweza kuhesabu kitendo ambacho baraza la wazee wa korti limemwondolea mshtakiwa. Machi 2022 Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada wa kuzuia hilo, kura 405 kwa 12. Haukuwa sheria. Lakini tangu 1 Novemba 2024, mwongozo wa adhabu wa korti za shirikisho hauhesabu tena kitendo hicho, isipokuwa kiwe pia sehemu ya kosa ulilopatikana nalo.

7/ Upande wa pili una hoja: kuachiliwa si lazima kumaanishe hukufanya. Shahidi anaweza kuogopa. Ni kweli. Lakini dawa yake ni upelelezi mzuri, kulinda mashahidi, na DPP kukata rufaa. Shtaka lililoanguka mchana lisirudishwe usiku likiwa limevaa nguo ya adhabu.

8/ Na sitetei majambazi. Mimi mwenyewe nimenyang'anywa simu mtaani humu, na nataka aliyefanya hivyo afungwe. Ila ukimfunga kwa kisu mtu ambaye korti haikuthibitisha alikishika, mwenye kisu bado anatembea, na sisi tunalala tukidhani kesi imeisha.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi "vifungo vikali", muulize swali moja tu: kwa kosa lililothibitishwa, ama lile lililoanguka?

Wewe ungekuwa hakimu, kile kisu ungekihesabu? Jibu hapa chini, bila matusi.