Kufundisha Kupima Hoja

Katika shule za sekondari za Marekani hufundishwa masomo ya kiwango cha juu yaitwayo Advanced Placement, ambayo husimamiwa na College Board tangu mwaka 1955. Mtihani wake wa lugha ya Kiingereza na utungaji una insha tatu. Katika insha moja, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2007, mwanafunzi hupewa vyanzo sita juu ya suala moja, kikiwamo cha picha au takwimu. Hutakiwa atumie angalau vitatu kujenga hoja yake mwenyewe. Akivifupisha tu, hajajibu swali.

Je, jambo hili latuhusu nini sisi walimu wa shule za msingi? Latuhusu sana, kwani asiyezoea kuulizwa sababu utotoni hupata taabu kuieleza ukubwani. Mara nyingi twasoma darasani hadithi ya Sungura na Fisi, kisha twauliza, “Nani alidanganywa?” Watoto hujibu kwa pamoja, nasi twaridhika. Yafaa tuongeze maswali mawili: “Je, Fisi alistahili kudanganywa? Ni maneno gani ya hadithi yanayoonyesha hivyo?”

Hapo mtoto hulazimika kurudi kitabuni. Mwenzake akimpinga, naye aonyeshe mstari wake. Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu. Apime uzito wa ushahidi, wala asitazame kama jibu lafanana na lake. Tusipofanya hivyo, tutalea wasomaji wanaoamini kila kilichopigwa chapa.