Tupime mvua kule inakotoka

Ndugu wakulima, wengi mumetuuliza: «Meteo inasema mvua leo, mvua inakuja siku ingine. Juu ya nini?»

Utabiri unaanza na vipimo vya leo. Pahali hakuna mtu anayepima, kompyuta inakisia tu, na kosa dogo la leo linaweza kuwa kubwa kesho. Lakini si kila kosa linakua. Kuna pahali ukikosea hakuna shida. Kuna pengine ukikosea kidogo, utabiri wote unaharibika. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta kwanza pale penye hatari, halafu wanaenda kupima palepale.

Marekani wanafanya hivyo kwa tufani za baharini. Tangu 1997 wana ndege inayozunguka kandokando ya tufani, karibu kilomita 13 juu, ikiangusha vifaa vidogo vyenye parashuti. Vikishuka, vinatuma habari ya upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Kwa nini kandokando? Kwa sababu upepo wa kule ndio unaosukuma tufani. Ukiujua, unajua vizuri zaidi itaelekea wapi.

Sisi hatuna ndege, lakini akili ni ileile. Hapa Afrika ya Kati mawingu makubwa ya ngurumo mara nyingi yanatoka mashariki kwenda magharibi, na maji ya mto yanatoka mulimani. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, maji, matope na mawe vilishukia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Na sisi tulikosea. Katika kooperative moja tuliweka pluviometre mbili, zote kwenye kiwanja cha ofisi, bondeni. Kila asubuhi zilitupa hesabu moja. Jioni moja zilionyesha milimita 6 tu, lakini mto ulibeba maharagi yote ya bondeni: mvua kubwa ilinyesha juu. Leo pluviometre moja iko kwa memba anayekaa karibu na chanzo cha mto.

Fanyeni hivi:

1. Waulizeni wazee: mto wetu unaanzia kilima gani? Mvua kali inatoka upande gani? Pluviometre ya kwanza iende kule.
2. Iwe pahali wazi. Mti wa meta 5 uwe mbali meta 10 ao zaidi.
3. Someni kila siku saa moja asubuhi. Andikeni hata kama ni 0.
4. Mvua ikizidi, musingoje asubuhi: mutu wa juu apigie simu wale wa chini. Milimita 40 kwa hektari moja ni lita 400 000 za maji.

Rezo ikikosa, na mto ukibadilika rangi ao sauti, usingoje simu. Toka bondeni na watoto, panda juu.